Turubai Ulilosema Limekwama

Kwako Hamadi, mume wangu wa juani na mvuani,

Mdogo wako Sefu anataka kulitia gari lako mashine ya baridi. Nakueleza usije ukasema hukuambiwa, maana wewe ulikuwa hodari wa kusema hukuambiwa. Lile gari la kijani, la viti viwili, lisilo na paa, ambalo nilikaa pembeni yako nikapigwa na upepo wa Mbeya mpaka meno yakagongana, leo linatafutiwa baridi nyingine ya ndani. Na anayeitaka baridi hiyo ni mke mwenzangu. Nina wivu, Hamadi. Nakuandikia nikiwa nao hivihivi, sikungoja upoe.

Unakumbuka siku ulipolileta? Ulikuwa umekwenda Chunya kuwauzia wachimba dhahabu majora ya merikani. Ulitoka hapa juu ya lori la watu, ukarudi ukiendesha gari la Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Mtaa mzima ulitoka nje. Nilikuuliza, "Mfanyabiashara wa vitambaa unanunua gari la viti viwili, majora utayaweka wapi?" Ukanijibu bila haya, "Utayapakata." Na kweli nikayapakata. Tulikuwa tukienda sokoni, jora moja mapajani, jingine miguuni, mimi sioni mbele, na wewe unapiga honi kwa kila unayemfahamu na usiyemfahamu. Walionicheka niliwaona, na niliona pia wake zao walivyokuwa wakilitazama lile gari.

Nyuma ya viti kulikuwa na turubai lililokunjwa, la kuvutwa juu mvua ikija. Mvua ya kwanza ilipotukuta ndani yake nilikuuliza mbona hulivuti. Ukavigonga vyuma vyake kwa kiganja, ukasema, "Limekwama hili, mama. Kutu. Nimelikuta hivyohivyo." Nikaamini. Mimi na vyuma wapi na wapi?

Basi tukaishi hivyo. Safari ya Iringa, ile ya kwenda kumwona mama yangu, ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Mpaka Chimala jua lilikuwa kali, Igawa kanga yangu ya kichwani ikapeperuka, ukarudisha gari kinyumenyume kuifuata barabarani na wapita njia wakitushangilia. Tulipopita Makambako mbingu ikafunga. Ukachomoa mwavuli chini ya kiti ukanipa. Nikaushika juu yetu sote wawili, mvua inatupiga ubavuni, na wewe unaendesha huku umejikunja chini yake, unapiga kelele, "Shika vizuri! Wewe ndiye paa langu!" Upepo ukaupindua mwavuli ukabaki vijiti vitupu. Nilicheka mpaka nikashindwa kukaa sawa. Kwa mama yangu tulifika tumelowa chapachapa, tope mpaka kwenye kope. Mama, kwa heshima ya mkwe, hakukusemesha. Alisimama ukumbini akanisemesha mimi, kwa sauti ya kukufikia wewe uani: "Mwanangu, muulize mumeo, gari halina dari, na nyumba anayokuweka ina dari?" Ukajibu kutoka uani, nawe ukiniambia mimi, "Mwambie mama dari ipo, ila mwanawe hapendi kukaa chini yake." Maneno hayo yalinifurahisha sana wakati ule.

Habari za Zuhura uliniambia ndani ya gari hilohilo. Ulichagua mteremko wa kwenda Uyole, upepo unavuma, nadhani ili nusu ya maneno yapeperuke. Nikakwambia sema tena. Ukasema tena, kwa sauti, kwamba umeoa Chunya. Mwenye baiskeli aliyekuwa mbele yetu akageuka kututazama. Sikulia mbele yako. Nilisema tu kwamba sheria imekuruhusu, na zamu uzigawe kwa haki, kisha nikakaa na donge langu mpaka nyumbani.

Zamu ulizigawa, sikudai hapo. Siku ya zamu ya Chunya ilipofika nilisimama mlangoni nikikutazama ukiondoka, kichwa wazi, kofia umeikalia isipeperuke. Ulikuwa ukinipungia mkono mpaka kona. Najua nilichokuwa nakionea wivu: si kitanda cha huko, habari ya kitanda nilikwisha kuimaliza na moyo wangu. Nilikuwa nauonea wivu upepo. Nilimwona Zuhura akilini mwangu amekaa kwenye kiti changu, nywele zimesimama, anacheka kama nilivyocheka mimi karibu na Makambako. Nikawa najituliza kwamba angalau naye mvua inampiga, naye anapauka, naye anarudi na tope.

Kisha kifua kikakubana, ukalala, ukatuacha. Wazee wakasema ni ule upepo wa gari. Gari likafunikwa maturubai ya dukani uani kwangu, mimi nikakaa eda Mbeya, Zuhura akakaa eda Chunya, kila mmoja na kuta zake.

Tulipotoka eda, Sefu akaja na habari ya mashine. Alikuwa ametoka Iringa, na huko kuna fundi aliyevua kitu hicho kwenye gari kubwa la Mzungu lililoanguka. Akanieleza: ni pipa dogo la bati linaloning'inizwa dirishani. Ndani wanatia maji na maranda ya mbao. Gari likienda, upepo unapenya kwenye maranda yaliyolowa, unaingia ndani ukiwa baridi kama wa mtungini. "Kule Chunya kukavu, shemeji, itafanya kazi vizuri sana," akasema. Nikamwambia gari la kaka yake halina hata dirisha la kuning'iniza kikapu. Akasema ndiyo maana fundi atalijengea paa la bati na vioo, turubai atalitoa alitupe. "Mashine haiwezi kupoza uwanja wa mpira. Lazima lifungwe."

Nikauliza wazo hili la nani. Sefu akakuna kichwa. Ndipo akasema ni lako. Kwamba ulimwahidi Zuhura, na Zuhura anaomba ahadi ya marehemu itimizwe, na kwa kuwa gari umetuachia sisi wawili, Sefu hawezi kulipeleka Iringa mpaka mimi nikubali.

Hamadi, mimi uliniahidi mwavuli mpya. Mpaka leo sijauona.

Nikasema aje mwenyewe aniombe. Akaja, juu ya lori la tumbaku, kavu, mwekundu wa vumbi, mdogo wa umbo kuliko nilivyokuwa nikimfikiria kwa chuki. Alinisalimia kwa kupiga goti: "Shikamoo, Bi Mkubwa." Nikamwitikia, nikampa maji, nikampa chai, nikampa kila kitu isipokuwa tabasamu. Akaomba alione gari. Nikamfunulia.

Sikiliza sasa. Mwanamke yule hakuugusa usukani, hakuzigusa taa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya viti, akaingiza mkono, akabonyeza kitu, akavuta. Turubai likanyanyuka lote, likaja juu kama chandarua. Akazunguka mbele akalishikiza kwenye kioo, huku, na huku. Haikuchukua hata muda wa kumenya kitunguu. Hakuna kutu. Hakuna mlio. Vyuma vilikuwa vimepakwa mafuta vinang'aa.

Nikamwuliza, "Nani kakufundisha?"

"Si ni yeye mwenyewe," akasema Zuhura. "Akifika kwangu imefungwa tayari. Kesho yake tunaifungua, tunafagia vumbi, halafu tunaifunga tena wawili. Yeye anashika hapa, mimi nashika pale. Hii ndio ilikuwa kazi yetu."

Kazi yenu. Kumbe ulikuwa ukisimama kileleni, pale barabara ya Chunya inapopinduka mlima, kwenye ukungu, unashuka unavuta turubai, halafu unateremka kwa mwenzangu umejifunika vizuri. Ukirudi, pale pale unalikunja, unaingia kwangu kichwa wazi na kutu yako ya uongo. Mimi ndiye paa lako! Nilishika mwavuli mkono ukafa ganzi, na paa lako limelala nyuma ya mgongo wangu limekunjwa.

Nilimwuliza kwa nini kwake ulilifunga. Nilitaka aseme vumbi. Hakuishia kwenye vumbi.

"Aliniambia vumbi," akasema, "lakini mimi si mtoto. Ni wale wanaume wa migodini. Wakiangalia gari anakasirika. Siku moja nilisema basi tufungue kidogo, nakufa na joto humu ndani. Akasema, nitakuletea mashine ya baridi, lakini kufungua hapana."

Mambo mengine nilikuwa nimeyazoea, Hamadi, hilo lilinichoma upya. Ulikuwa unamwonea wivu! Ulimfunika asitazamwe, ukawa tayari kuhangaikia mapipa ya bati kuliko macho ya wanaume yamfikie. Na mimi je? Mimi ulinipitisha mbele ya boma, mbele ya msikiti, sokoni, stendi, Iringa nzima, nikiwa wazi kama bidhaa ya kwenye meza, na hukuwahi kugeuka kuangalia nani ananiangalia. Na walikuwepo! Karani mmoja wa posta alikuwa akinivulia kofia kila tulipopita, nawe ukimpigia honi kwa furaha. Nimeona wivu wa mume, wivu wa upepo, wivu wa kiti. Sikujua mtu anaweza kuuonea wivu wivu wenyewe.

Nikamwambia Zuhura, "Mashine haiwekwi. Bati halijengwi. Turubai halitupwi."

Akakaa chini palepale, kwenye mchanga, karibu na gurudumu. Hakubishana. Alilia kidogo, akajifuta na upande wa kitenge. "Sawa, Bi Mkubwa. Lakini mimi nabaki na nini yake? Wewe alikuchukua Iringa. Alikuchukua na mvua. Kila akija ananihadithia, mwavuli ulipinduka, wewe ulicheka. Nikamwambia na mimi nifungulie nicheke. Akasema, wewe nataka ufike salama."

Nikauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Na kwangu mimi alisema kwa nini halifungi?"

"Alisema ukifunikwa juu unanyamaza. Siku moja mvua ilikunyeshea sana ukaanza kusema na kucheka, na alikuwa hajakusikia hivyo tangu mmeoana. Basi akaamua imekwama."

Niliingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nilikaa huko mpaka macho yakakauka. Nilipotoka nikamwita Sefu, nikamwambia alikunje turubai, amchukue Zuhura wapande mpaka kileleni, warudi. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka aone baridi ya kweli ilivyo, akome kuitafuta kwenye mapipa.

Wakaondoka. Viti ni viwili, mimi nikabaki barazani nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Waliporudi nilimsikia kabla sijaliona gari. Alikuwa anacheka, Hamadi. Nywele zimesimama, kitenge cha kichwani hakipo, machozi ya upepo yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu. Akaruka bila kufungua mlango, akaja akanishika mikono yote miwili, "Dada! Kumbe joto lilikuwa la turubai! Gari yenyewe haina joto! Ya nini mashine?" Kule ndani kwake alikuwa anapikwa, nawe ukampikia ahadi ya baridi, wakati dawa ilikuwa kulifungua tu.

Basi habari ya mashine imekwisha. Fundi wa Iringa abaki na pipa lake atilie maji ya kuku. Zuhura sasa halitaki turubai hata kwa dawa. Kwa hiyo kicheko kilichokuwa changu peke yangu nimempa, kwa mkono wangu, na usiku ule sikupata usingizi kwa kumwonea kijicho. Ndivyo nilivyo, nawe ulinijua.

Gari hatuuzi. Tumekubaliana nalo liwe na zamu kama ulivyokuwa wewe, Sefu akiwa usukani. Zuhura zamu yake imepita, na amekwenda nalo wazi, wazi kabisa, mbele ya wachimba dhahabu wote.

Kesho ni yangu. Nimemwambia Sefu anipeleke Chunya, na tukifika kileleni ashuke avute turubai, alishikize huku na huku. Amenishangaa. Mwache ashangae. Nataka niteremke upande ule nimefunikwa, jasho linitoke, asinione mwanamume yeyote, nijue ilikuwaje kulindwa na wewe.

Na sitanyamaza, Hamadi. Utanisikia nikisema chini ya turubai hilo, njia nzima, mpaka Chunya.

Mkeo mkubwa,
wa upande huu wa mlima.