Thakkar Si Ukoo

Jumapili, 6 Februari 1983

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba jina la familia ndilo ukoo. Si kosa la wageni peke yao. Leo limefanywa na Mlohana mwenzangu, Mhindi wa jamii yetu ya wafanyabiashara, mzaliwa wa Mbale kule Uganda, mtu mzima mwenye mvi!

Jashwant amepiga simu kutoka Trollhättan, mji mwingine wa hapa Uswidi. Anataka uchumba wa mwanawe Nilesh na mjukuu wangu Pallavi usimame. Kwa nini? Sisi ni Thakkar, wao ni Thakkar. Basi watoto ni ndugu, na ndugu hawaoani. Alisema kwa upole, akaomba radhi — ndipo nilipoogopa. Anayefoka hutulia kesho yake. Mpole ameshaamua.

Pallavi alisimama mlangoni, sare ya hospitali mkononi. Akaniuliza kwa Kiswidi kama ni kweli. Nikamjibu kwa Kigujarati: bado sijui. Haya naandika kwa Kiswahili. Humu ndani hakuna mwingine anayekisoma.

Jumatatu, 7 Februari

Nijieleze taratibu, kama zamani darasani Jinja.

Wazee wetu husimulia kwamba Walohana ni uzao wa Lava, mwana wa Rama. Walikuwa wapiganaji kaskazini. Waliposhindwa wakateremka Sindh, kisha Kach na Kathiawar, wakaweka upanga, wakashika mizani. Iwe kweli au hadithi, kuna kitu walikibeba kila walikohamia: nukh. Yaani ukoo wenyewe. Kila nukh ina mungu wake wa kike na miiko yake. Wa nukh moja hawaoani, hata mmoja akae Kampala na mwingine Karachi.

Na Thakkar? Cheo cha heshima tu. Nukh nyingi hukitumia kama jina la familia. Sisi nukh yetu ni Kotak.

Wao je? Nimempigia Jashwant. Hajui! Amezaliwa dukani, amekulia dukani, anakumbuka bei ya kila kitenge — nukh yake hajui. Baba yake alishafariki. Anayejua ni mama yake, Jamnabai, naye yuko Leicester, Uingereza, kwa bintiye. Simu ya huko inalia tu.

Wakiwa Kotak nao, mimi ndiye nitakayelazimika kumwambia Pallavi hapana.

Alhamisi, 10 Februari

Leicester kimya. Pallavi hataki kula.

Apollo wa ghorofa ya chini alirudisha drili yangu. Nikamweleza. Hakuhitaji maneno mengi — Baganda nao hawaoi ndani ya ukoo, na yeye ni wa ukoo wa Senene, wasiokula panzi wa jina hilo.

"Mzee, mimi nilimpenda binti mmoja Masaka. Mrembo! Sikumwuliza ukoo, nilimwuliza anapenda muziki gani. Jirani yake akaleta senene wa kukaanga. Nikasema, samahani, kwetu ni mwiko. Binti akasema, hata kwetu! Mapenzi yakaishia sahanini."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Pallavi akauliza tunacheka nini. Nikamtafsiria. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Februari

Jamnabai amepiga mwenyewe! Walikuwa arusini Birmingham wiki nzima.

"Mwalimu, nasikia mnavunja uchumba kwa ajili ya jina la kwenye kibao cha duka?"

Nikamwambia aliyevunja ni mwanao, Jamnabai. Ila niambie tu — nukh yenu?

"Karia! Nilimwambia Jashwant siku aliponyolewa nywele za kwanza."

"Alikuwa mtoto mchanga, mama."

"Basi angeacha kulia angesikia!"

Karia. Karia! Niliketi juu ya viatu vya watu pale ukumbini. Hakuishia hapo, akauliza mama yake Pallavi alitoka nukh gani, maana upande wa mama nao huangaliwa. Raichura, nikasema. Akapima, kisha: "Haina neno."

Nilipomwambia Pallavi alilia, akafungua friji, akala dengu baridi kwa kijiko, amesimama. Sijaona mlo mzuri kuliko ule.

Jumamosi, 12 Februari

Nimelala kama jiwe. Theluji nje, na moyo mwepesi.

Jashwant na Nilesh wako kwenye treni, watafika alasiri. Jamnabai amemkaripia mwanawe vya kutosha, kwa hiyo huenda Jashwant akafika na haya, au na hasira. Amesema anakuja. Hajasema anakuja kukubali. Nitajua kwa kitu kimoja: kwetu wazazi wakiafikiana hula pamoja sukari guru na mbegu za giligilani. Aliyekula ametoa neno, harudi nyuma. Nitamwekea sahani mbele yake, nisimwulize lolote.

Giligilani tunazo. Sukari guru imekwisha. Pallavi ameuliza, safari hii kwa Kigujarati — kibovu, lakini Kigujarati — kama sukari ya kahawia ya Waswidi itafaa, maana Skärholmen, inakouzwa sukari guru, ni mbali. Nimesema haifai.

Vaa koti, mzee. Nenda Skärholmen sasa hivi, kabla maduka hayajafungwa, ulete sukari guru.