Nyasi Mgongoni, Nyasi Kifuani

Mesquite, Jumapili, Novemba 2006

Mvua ilinisindikiza kutoka Houston mpaka Corsicana, halafu ikaniacha. Nimefika nyumbani mchana huu, baada ya saa nne za kuendesha, nimechoka mpaka kwenye meno. Uchovu wenyewe si wa barabara peke yake.

Msimu umekwisha jana. Tumeshindwa tena.

Nikisema tumeshindwa, nina maana ya timu ya futiboli ya chuo nilichosomea, chuo kidogo upande wa Fort Worth ambacho sitakitaja, maana nitasema mambo ya ndani. Ni ile futiboli yao ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, si soka yetu. Watu wa Dallas wenye timu kubwa za kujivunia hawajui hata kama tupo. Mimi nimeifuata miaka kumi na miwili. Papa Espoir, tunayefanya naye kazi ghalani, mtu wa Bukavu asiyeficha neno, huniuliza kila Jumatatu: "Weye uko nafwata équipe yenye haishindake, juu ya nini?"

Huwa nacheka tu, namwelekeza kwenye lori la kwanza.

Kuna jambo jingine lililokuwa linangoja msimu uishe. Mke wangu, Mama Kemunto, ni muuguzi. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi Houston, akahama na binti yetu, ambaye sasa ana miaka saba. Mpango ulikuwa niwafuate baada ya miezi sita. Kampuni yangu ina ghala huko pia, kwa hiyo kilichotakiwa ni kujaza fomu ya uhamisho, ukurasa mmoja. Miezi sita ikapita, nikasema mwakani. Mwakani ikafika, nikasema mwakani. Mwezi wa nane mwaka huu, akiwa anakunja nguo, bila hata kupandisha sauti, aliniambia: "Baba Kemunto, season ya timu yako ikiisha, nataka jibu. Una-move ama hau-move. Sitauliza tena."

Namjua. Akisema hatauliza tena, hatauliza.

Basi leo niandike kwanza habari ya timu, kwa sababu ndiyo rahisi.

Nilifika Texas Januari, na koti la kuazima. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo, na ndani ya chuo kazi iliyobaki ilikuwa moja: kufua jezi za timu ya futiboli. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya uwanja, hakina dirisha, na kilikuwa mahali pa pekee chuoni palipokuwa na joto la kunitosha. Nyumbani niliandika kwamba nimepata kazi katika idara ya michezo. Baba akaisoma barua kanisani. Kufikia Pasaka, kijiji kizima kilijua kwamba mimi ni kocha wa Wamarekani. Sikusahihisha. Ungemwambiaje mzee wa Kisii kwamba mwanawe amevuka bahari kwenda kufua suruali za wanaume wenzake?

Lakini niliipenda kazi ile. Wachezaji walipita kuchukua nguo na kuniita kwa jina langu, kila mmoja akilikosea kwa namna yake. Miezi ile ya kwanza, siku nyingine hao ndio watu pekee walioniita kwa jina.

Na pale ndipo nilipojifunza kuisoma futiboli, hata kabla sijaelewa sheria zake. Sikuwahi kuona mechi, nilikuwa chini nikipanga sabuni. Niliona nguo. Jezi yenye nyasi mgongoni ni ya mtu aliyesukumwa akaanguka chali. Jezi yenye nyasi kifuani na magotini ni ya mtu aliyeanguka akielekea mbele. Na jezi safi ni ya mtu aliyekaa kwenye benchi. Baada ya mwaka mmoja niliweza kukwambia tulivyocheza kabla hujanitajia pointi, na sikukosea mara nyingi. Pointi zina bahati ndani yake. Doa la nyasi halina bahati, unalisugua mpaka vidole vinachubuka na bado linakwambia mtu alivyoanguka.

Miaka ile nilifua migongo. Migongo mitupu.

Sasa, kocha huyu wa sasa alikuja miaka minne iliyopita akasema anajenga upya. Nimewasikia makocha watatu wakisema hivyo, kwa hiyo sikupiga makofi. Mwaka wake wa kwanza tulishinda mechi moja, na hiyo tuliishinda kwa sababu wapinzani walikuwa na homa ya mafua nusu ya timu. Mwaka wa pili mechi mbili. Mwaka jana tatu. Mwaka huu nne, na jana ilikuwa nafasi ya tano, huko huko Houston, dhidi ya chuo kidogo kama chetu.

Kwa haki ya Mungu, kuna mabadiliko. Ile safu ya mbele ya wanaume wanene, ambao kazi yao ni kumlinda mrushaji, zamani ilikuwa mlango wa kanisa, kila mtu anaingia. Siku hizi inasimama. Mrushaji mwenyewe bado anaogopa, mpira anautupa kabla mwenzake hajageuka, lakini angalau anautupa kwa watu wetu. Adhabu za kijinga zimepungua. Kinachonichosha ni namna tunavyoshindwa. Zamani tulikuwa tunashindwa kabla ya mapumziko, unakwenda zako nyumbani mapema unapika. Siku hizi tunashindwa dakika ya mwisho, baada ya mtu kuwa ametumaini saa tatu nzima. Wanasema haya ndiyo maendeleo. Sawa, lakini yanauma zaidi.

Jana mvua ilikuwa ya rasharasha tangu asubuhi. Mama Kemunto alikuja na mwavuli na chupa ya chai, akiwa ametoka zamu alfajiri, macho mekundu. Kemunto alikaa katikati yetu na kitabu chake, hakuinua kichwa. Uwanja ule bado una nyasi za kweli, siyo zulia la plastiki kama walilotandika kwetu. Tuliongoza mpaka dakika mbili za mwisho. Nikaanza kuhesabu vidole, tano, tano. Halafu wao wakapiga teke moja la mbali, mpira ukapita katikati ya milingoti, wakatushinda kwa pointi moja.

Mama Kemunto alinishika bega kama anavyowashika ndugu wa wagonjwa wake, akasema, "Pole."

Nikawaomba wanisubiri, nikateremka mpaka kwenye uzio mahali basi la timu lilipoegeshwa. Mazoea mabaya hayaishi. Vijana walipita mmoja mmoja, vichwa chini, na mimi nikawa nasoma nguo. Migongo ilikuwa myeupe. Niliwasoma wote, mpaka wa mwisho. Vifua na magoti yalikuwa kijani na tope mpaka namba zimefutika. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona jezi zetu hivyo. Walishindwa, lakini kila mmoja alianguka akielekea mbele. Nikawapigia makofi pale kwenye uzio, mtu mzima na mvi zangu.

Hiyo ndiyo tathmini yangu ya msimu, na ninaitoa kama mfuaji. Timu inakwenda. Nimechoka, lakini inakwenda.

Tuliporudi kwenye gari, Mama Kemunto aliendesha. Redioni kocha alikuwa anahojiwa, sauti imekauka. Akasema tuko karibu sana, vijana wanajituma, mashabiki wawe na subira, watupe mwaka mmoja tu. Mwakani.

Mama Kemunto akazima redio taratibu.

"Huyo kocha," alisema, "anaongea kama wewe. Lakini yeye at least ako uwanjani."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu. Alisema kama mtu anayesoma joto la mgonjwa, akaendelea kuendesha. Kemunto akauliza kutoka nyuma, "Mommy, what did Daddy say?" Mama yake akamjibu, "Hajasema kitu." Na ilikuwa kweli.

Tukafika kwao. Nimeandika "kwao", na sitafuta.

Nilipoketi, Mama Kemunto akaenda kuweka maji jikoni. Kemunto, bila kutumwa na mtu, akavuta kiti, akapanda, akafungua kabati la juu, akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu na kisosi chake. Mnavijua vile vikombe. Kila nyumba ya kwetu inavyo, vinakaa juu, havitumiki mpaka aje mchungaji au wakwe. Akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa. Wao wawili wakanywea vikombe vyao vya kila siku, kimoja kimevunjika mkono.

Mtoto hakukosea. Amefundishwa kwamba mgeni anapewa kikombe kizuri.

Nilikunywa ile chai, na sikusikia ladha yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Mimi nimekuwa mgeni miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kunipa jembe, na nilidhani hayo ni mapenzi.

Shajara, wewe nikudanganye kwa faida gani. Si kazi iliyonizuia. Si fomu. Mesquite mimi ni msimamizi wa zamu, watu husimama nikipita. Kanisani nina kiti. Jumamosi nina timu. Houston nitakuwa mume wa muuguzi, mtu mpya ghalani, mtu wa kuuliza njia. Nilishakuwa mtu wa kuuliza njia, ule mwaka wa koti la kuazima, na niliapa sitarudia. Naogopa. Nimesema.

Asubuhi ya leo Mama Kemunto alimpeleka mtoto kanisani, nikabaki kufunga mfuko wangu. Huwa nakuja na nguo mbili na kuondoka na nguo mbili. Chafu naziweka kwenye mfuko wa plastiki, nakuja kuzifua huku. Katika miaka mitatu sijawahi kuacha hata soksi moja katika nyumba ile.

Nikaichukua suruali ya jana, nikaigeuza, na nikaisoma kwa mazoea. Magoti safi. Mbele safi. Doa lilikuwa moja tu, kubwa, la tope na rangi ya benchi, pale pa kukalia.

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Halafu nikakaa kitandani, kicheko kikaisha.

Kikapu chao cha nguo chafu kiko nyuma ya mlango wa bafu. Ndani mlikuwa na sare tano za kazi za Mama Kemunto. Siku tano, kila siku zamu ya saa kumi na mbili, na magoti ya suruali zote yamefifia kwa kuwapigia magoti wagonjwa. Juu yake gauni la shule lenye wino. Nikasimama pale na suruali yangu mkononi muda mrefu kuliko mtu mwenye akili anavyopaswa kusimama na suruali.

Nikaiweka kwenye kikapu, juu ya nguo zao. Nikafunga mfuko wangu na kushika barabara ya 45.

Saa kumi hivi, nikiwa nimeshafika hapa, simu ikalia.

"Baba Kemunto, umefika salama?"

"Nimefika."

"Umesahau suruali yako. Nimeipata kwa basket ya nguo chafu."

"Sijasahau," nikamwambia.

Nilisikia maji yakimwagika jikoni kwake, halafu bomba likafungwa. Nilitaka kuongeza neno, niseme habari za fomu, za kazi, za vijana walivyoanguka vizuri, lakini nilihofia kwamba nikifungua mdomo litatoka lile neno nililozoea.

Mwishowe akasema, "Hii nyumba kila mtu anajifulia."

"Najua."

"Basi itakungoja. Lakini si mpaka mwakani, itanuka uvundo."

Fomu ilikuwa kwenye droo, chini ya ratiba za mechi za miaka mitatu. Nimeitoa. Imekunjamana kidogo pembeni lakini inasomeka. Nimejaza jina, nimejaza kituo ninachotoka na ninachokwenda, na nimetia sahihi. Ofisi inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na nitaikabidhi kwa mkono wangu kabla Papa Espoir hajaniuliza habari za timu.