Magoti ya Diwani

Kashozi, Jumatano

Binti yangu Joviana,

Hapa nyumbani tu wazima. Kahawa imeanza kuiva na mama yako amepona kikohozi.

Picha yako na binti wa mfalme kutoka Ulaya niliiona kwenye simu ya jirani yetu Byabato. Mgeni alikuwa amesimama, nawe, diwani wetu, umepiga magoti mbele yake. Byabato akacheka: "Mwalimu, diwani wako anamsujudia Mzungu!" Aliyechaguliwa na watu humpa mgeni wa kifalme mkono, akiwa wima, nilikufundisha mwenyewe. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilitamka mbele ya jumuiya kwamba usikanyage tena nyumbani kwangu.

Jana alikuja shangazi yako Jovina, amejaa hasira. "Wewe Rutaihwa, ulitaka mtoto aniamkie amesimama kama mlingoti?" Ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye aliyempelekea mgeni akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, nawe ulimpigia magoti yeye, kama binti yeyote wa Kihaya anavyomwamkia shangazi yake. Mpiga picha alimwacha shangazi yako nje ya picha. Binti wa mfalme ulimpa mkono tu, umesimama.

Tangu Jumapili ile nilikuwa sili vizuri; leo nimekula sahani nzima ya ndizi, na mama yako ameshangaa. Jumapili ijayo nitasimama palepale, mbele ya watu walewale, niseme kwamba nilikosea. Nakuomba uje, uketi benchi la mbele.

Baba yako,
Rutaihwa