Mamu Amekataa Kuhama

Kolwezi

Kwa mdogo wangu Zawadi,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya paa la baba yetu. Mko namna gani? Goti lako limekubali dawa, au bado linakuamsha kabla ya jogoo? Na ziwa limerudi nyuma, au bado linaingia katika nyumba za watu bila kubisha hodi? Mimi mwili ni mzima, Mungu ashukuriwe. Kinachonisumbua ni miguu. Inataka kwenda, na nikiiuliza iendako hainijibu. Tangu nikae mezani kukuandikia nimesimama tena na tena: kufunga dirisha kwa ajili ya vumbi la malori, kumwondoa paka juu ya vitambaa vya mkwe wangu, kumfungulia mbwa mlango atoke, kisha kumfungulia tena kwa sababu amebadili shauri.

Zile ndakala ulizonitumia, dagaa wa ziwa la huko Kalemie, zilifika, kavu na safi. Nilipofungua mfuko harufu ya pwani yetu ilijaa nyumba nzima, nikakaa chini kidogo. Asante sana. Lakini nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine: nilizoonja ni chache. Nyingine zimeliwa na paka, na nyingine na mlinzi mmoja. Usinikasirikie. Soma kwanza mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Tulipomaliza kilio cha mume wangu, Faustin alisema, "Mama, njoo upumzike kwetu kiangazi hiki, halafu utarudi." Nimepumzika mpaka nimechoka. Mwanangu mwenyewe simwoni sana. Ni fundi wa mitambo, analala kambini kwenye mgodi, akirudi siku zake chache analala kama gogo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: mimi na mkewe Mbuyi. Na wanyama.

Mbuyi ni mtoto wa Kolwezi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, baba yake akarithi kazi ileile, na tulikuwa tunakaa mtaa wa Dilala katika nyumba ya huyo baba, nyumba ya matofali ya zamani ya kampuni, yenye sehemu ya kuotea moto sebuleni kama vile tuko Ulaya. Mbuyi anashona nguo pale nyumbani. Sasa ana mimba, ya kwanza. Wazazi wote wawili wameshakufa. Waliomwachia ni mbwa anayeitwa Kapita, kwa sababu anasimamia kila mtu kama msimamizi wa kazi, na paka jike mzee wa rangi ya majivu, Mamu. Paka wa pili, Mwizi, alijileta mwenyewe, na jina lake alilifanyia kazi.

Wewe unajua sisi tulivyolelewa. Mbwa mahali pake ni uani, paka mahali pake ni ghalani, na mtu mahali pake ni ndani. Hapa nilikuta Kapita analala mlangoni mwa chumba changu, Mamu analala juu ya cherehani, na Mwizi analala popote penye sufuria. Siku za kwanza nilipomsogeza Mamu kwa mguu, Mbuyi aliniambia kwa upole, "Mama, usimufukuze, anasikiaka baridi." Baridi! Mnyama mwenye koti la kuzaliwa nalo! Lakini nilimwacha alale, maana mkwe akikuomba kwa upole unakosa pa kushika ugomvi. Na kila mchana, wanapolipua mawe huko shimoni, vikombe vikacheza kabatini, Mamu alikuwa anakimbilia chini ya kanga yangu, siyo ya Mbuyi. Sijui kwa nini. Labda alijua kwamba mimi pia nashtuka.

Basi, baba mdogo wa Mbuyi akaiuza ile nyumba. Hakuuliza mtu. Alimuuzia mfanyabiashara anayetaka kuweka depo ya mawe ya shaba, na tukaambiwa tutoke upesi. Mbuyi hakupiga kelele. Alikunja vitambaa vyake, akafunga cherehani kwa blanketi, akawatia paka katika kikapu kikubwa cha makaa na kukishona juu kwa uzi kama gunia. Tulipanda kigari cha magurudumu matatu, sisi, vitanda na kile kikapu kinacholia njia nzima. Kapita alikimbia nyuma yetu, ulimi nje, kama amepewa kazi ya kuhakikisha hatupotezi kijiko.

Nyumba mpya iko nje kidogo, karibu na barabara ya malori. Ni vyumba viwili, ukuta haujapigwa lipu, na umeme ni wa kusikia tu, ingawa bwawa la umeme la Nzilo liko hapo karibu kabisa. Mwizi alizoea siku hiyohiyo. Alinusa jikoni akatosheka. Kapita alizunguka kiwanja, akakojoa kila pembe, akalala. Lakini Mamu alipotoka kikapuni alipanda juu ya ukuta, akatutazama mmoja mmoja, na asubuhi hatukumwona.

Mbuyi alirudi Dilala kumtafuta. Alikuta geti jipya la chuma limefungwa. Akazunguka nje akiita, majirani wa zamani wakaita pamoja naye, hakuna paka. Alirudi akaketi, na tangu hapo chakula hakikupita. Nikimpa bukari na majani ya sombe, anaumba tonge moja, analishika mpaka linapoa. Faustin alipokuja mapumziko alimwambia, "Mbuyi, ni paka tu. Nitakutafutia ingine."

"Mi sitaki ingine," akajibu. "Ule alizaliwa mu nyumba ya tata," yaani ya baba yake.

"Lakini mutoto iko ndani ya tumbo. Ule mutoto anakula nini?"

Faustin akanitazama mimi, kana kwamba mama yake anajua dawa ya kila kitu, halafu akarudi kambini. Nami nilibaki katika nyumba ambayo hata mimi siipendi, na mwanamke asiyekula, na malori yanayopita mchana kutwa yakitikisa mlango. Zawadi, nilikuwa natembea kutoka ukuta hadi ukuta. Nilifagia mahali palipofagiwa. Nikasema moyoni, hapa siwezi. Asubuhi moja nikachukua mkoba wangu, nikamwambia Mbuyi naenda kunyoosha miguu, na nikashika njia ya stesheni kuuliza treni ya kuja huko kwetu.

Kapita akanifuata. Nilimwambia rudi, akakaa. Nikitembea, anatembea. Nilimtupia kijiwe, alikinusa akaendelea kunifuata. Watu wa pikipiki walikuwa wanapunguza mwendo kunicheka: "Mama, kapande na askari wako!" Tukaenda hivyo hadi njia panda, pale ambapo kulia unashika stesheni na kushoto unaingia Dilala. Hapo Kapita aliacha kunifuata. Alisimama, akainua pua, akapinda kushoto mbio.

Nilibaki nimesimama na mkoba wangu. Nilijua kabisa stesheni haiko mbali. Lakini je, nikirudi bila mbwa, nitamwambia nini yule mtoto? Ameshapoteza paka, nyumba na wazazi, halafu mimi nimpotezee na mbwa? Nikapinda kushoto. Nilikimbia, Zawadi, mimi na miaka yangu hii, kanga mkononi.

Nilifika kwenye ile nyumba na kukuta bati zote zimeshashushwa. Nje ya geti alikaa mlinzi mwenye mvi, juu ya dumu.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta mbwa wangu." Ndivyo nilivyosema. Wangu.

"Imbwa iko mu ndani, alipita chini ya geti. Nimemufukuza, anakatala kutoka. Amelala paka pale kwenye banaotaka moto."

Na wakati anasema nilisikia sauti nyembamba ndani ya ile nyumba isiyo na paa. Si ya mbwa. Nilimwomba anifungulie. Akatikisa kichwa. "Patron alisema muntu asiingie. Kesho banaanza kubomoa."

Sikubishana naye. Nilipanda pikipiki kurudi nyumbani, na kwako wewe naungama kwamba nilimshika kiuno yule kijana kama mchumba, kwa hofu. Nilimkuta Mbuyi amelala ameelekea ukuta. Nikamwambia, "Amka, Kapita amempata." Hakuuliza amempata nani. Aliamka, akavaa viatu huku anatembea. Nami nikachukua mfuko wako wa ndakala.

Kule getini nilimwaga samaki kidogo juu ya kipande cha gazeti, chini ya ukuta. Harufu ilipanda. Haikuchukua muda, Mamu akatokea juu ya matofali, amekonda, manyoya yamejaa vumbi jekundu. Mbuyi alipomwita hakuja mikononi. Alishuka, akala upesi upesi kama mtu anayeogopa kuchelewa kazini, akachukua samaki mmoja mdomoni na kurudi ndani. Lakini tuliyaona matiti yake.

"Amezaa," Mbuyi akasema. "Mama, amezaa, na kesho banabomoa."

Ndipo akamgeukia mlinzi. Alimsalimu kwa lugha ya babu zake, Kiluba cha Kasai, ambayo yeye mwenyewe anaisema kwa kuchechemea: "Moyo, tatu," yaani salamu, baba.

Yule mzee akatoka juu ya dumu. "Moyo, mamu," akajibu, na Mbuyi, katikati ya machozi, akaanza kucheka. Mlinzi akauliza kuna nini. Mbuyi akamweleza kwamba Mamu ndilo jina la yule paka. Baba yake alimpa jina la heshima la mwanamke kwa sababu alikuwa anatembea kama mke wa chifu. Mzee akauliza baba yake nani. Mbuyi akataja. Sikuelewa yote waliyosemezana baadaye, ila niliona mkono wa mzee unashuka mfukoni kutafuta ufunguo.

"Muingie mbio," alisema kwa Kiswahili. Halafu akanitazama mimi. "Na izi ndakala, mama, ni za Kalemie?" Nikamwachia mfuko.

Ndani, jua lilikuwa limeingia vyumba vyote. Pale cherehani ilipokuwa inakaa, miguu yake ilikuwa imeacha alama nne safi kwenye saruji. Mbuyi aliziangalia, akapita. Kapita alikuwa amelala mbele ya sehemu ya moto, ameuziba mdomo wa sehemu hiyo wote kwa mwili wake, na nyuma yake, juu ya majivu ya zamani, watoto watatu wa paka, macho bado yamefumba. Mamu alinikwaruza mkono nilipomchukua wa kwanza. Alama bado ninayo. Tuliwafunga katika kitenge cha Mbuyi, na Mamu mwenyewe akafuata, analia, mpaka kwenye pikipiki, ambapo nilimshika kwa nguvu zote kifuani.

Usiku ule Mbuyi alikula. Alikula akaomba tena. Kisha, huku anafuta sahani, hakunitazama, akasema:

"Mama, mi najua kwenye ulikuwa unaenda. Ulichukua mukoba. Ulikuwa unaenda ku gare."

"Ndiyo," nikasema.

"Sababu ya mi?"

"Hapana, mwanangu. Sababu ya miguu."

Aliendelea kufuta sahani ileile. "Mama alikufa, tata alikufa, nyumba nayo imeisha. Faustin iko kambini. Ukienda, nitabakia paka mi."

Huku, Zawadi, "paka" maana yake pia ni "tu", na mimi mpaka leo sijazoea. Nilidhani bado anasema habari za Mamu. Ilibidi nigeuze maneno yake kichwani ndipo nikaelewa kwamba anasema habari zake mwenyewe. Nilichukua sahani mkononi mwake nikaifuta mimi.

Kesho yake nilienda stesheni. Usishangae. Nilimwambia wazi kwamba naenda, na kwamba nitarudi kabla ya chakula. Yule bwana wa stesheni aliniambia treni ya kupita Lubudi na Kamina kuja huko ipo, ila siku yake haijui mtu, niulize tena. Nikatoka nje nikatazama zile reli. Nilijichunguza kama nina huzuni. Nilikuwa na haraka tu, maana tulikuwa hatujanunua maziwa, na Mamu bado tunamfungia chumbani kwangu ili asirudi Dilala, na nikichelewa anakwaruza mlango.

Sikudanganyi kwamba nimetulia. Nyumba hii bado siipendi. Hata leo nimeshatoka mpaka barabarani na kurudi bila sababu. Lakini Mbuyi atajifungua karibu na mwisho wa mvua, na mama wa kumkanda tumbo ni mimi.

Nisalimie shemeji yetu mvuvi, mwambie nimesikia ameacha tumbaku na siamini. Nisalimie shangazi Sangwa anayeuza mawese sokoni, na mzee wa kanisa aliyetuzikia mume wangu. Mdogo wetu wa mwisho, fundi viatu, mwambie viatu alivyonishonea vimefika mbali kuliko alivyodhani.

Na lile jambo uliloniuliza, kama binti yako na mumewe waingie chumbani kwangu au wasubiri mpaka nirudi. Waingie. Kitanda wakigeuze wanavyotaka. Ila wasipake rangi ukutani kwanza.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Feza, mama yake Faustin