Waya wa Spika ya Jikoni

Mukiri,

Usizime redio kaseti kabla sijarudi. Waya wa spika ya jikoni usiuguse. Nimeukata ukawa mfupi, nikauzungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya sanduku la majani chai, kama fundi Koome alivyonieleza. Karatasi nimeiunganisha na chuma nilichochimbia nje ya dirisha. Maji ya kuoshea vyombo mwaga hapo kwenye chuma, udongo usikauke.

Asubuhi ulisikia kelele zangu. Nilirudi kuchukua kofia, nikasikia mwanamume jikoni akisema, "Nimefika, niko hapa nyuma, fungua." Niliingia na panga. Mama yako alikuwa peke yake, anakoroga uji.

"Ni spika, Baba Mukiri."

Nikamwita mwongo. Akajifunga leso, akaenda kwa nyanya yako kule Kaaga.

Hata hajafika barabarani, spika ikasema tena, "Maua, Maua, miraa imepakiwa?" Na ndani hakukuwa na kaseti. Ni watu wa pikapu za miraa wanaita wenzao wa mji wa Maua kwa redio zao, na ule waya mrefu ulikuwa unawanasa. Mimi ndiye niliyeuvuta mpaka jikoni, ili mama yako asikie kwaya akipika.

Githeri iko kwa sufuria. Ng'ombe hajapewa maji.

~~Mama yako akirudi, mwambie yameisha.~~

Nimekwenda Kaaga kumwomba msamaha.

Ukisikia mwanamume jikoni kabla ya jioni, ujue waya bado unanasa. Mimi nitabisha hodi.

Baba