Jina langu kwenye ukuta wa chuo

Alhamisi. Mvua imekatika saa nne, Mlabani kote tope. Neema kalala mgongoni, naandika kwa kidole kimoja.

Kichwa changu hakijatulia.

Baba alipofariki mwaka jana, mama alitoa shamba letu la mpunga la Michenga kwa chuo kikuu, wajenge madarasa. Hakuniuliza. Sasa chuo kimeunda umoja wa wafadhili wakubwa, wanauita Wapanda Mbegu. Jumamosi kuna sherehe, na kila mfadhili jina lake litachongwa ukutani pale mlangoni.

Leo dada mmoja wa ofisini kaja na bodaboda, akampa mama shikamoo, akatuonyesha orodha kabla fundi hajaanza. Madaktari, wafanyabiashara, watu na vyeo vyao. Wa saba: Mama Tekla.

Tekla ni mimi.

Kwenye fomu mama aliandika anavyoitwa. Tangu nizaliwe hakuna anayemwita Skolastika, hata marehemu baba hakumwita hivyo. Ndiyo mimi niliyeishia darasa la saba nikae kwenye ukuta wa chuo kikuu? Nikafurahi, halafu nikaona aibu kufurahi.

Maana, niseme tu ukweli, shamba lile nililinunia. Wiki nzima sikumsemesha mama vizuri. Nilishajiona nalilima mimi, na Neema baada yangu. Leo nisifiwe kwa kitu ambacho moyoni nilikikatalia?

Nikasema libadilishwe, liandikwe jina lake la ubatizo. Dada akasema inawezekana, mwisho kesho saa sita mchana.

Mama alikuwa anapepeta mchele, hata uso hakuinua. "Skolastika ndiyo nani? Watu wa Michenga wakipita pale watauliza huyu mgeni katoka wapi. Niachie jina langu, we Tekla."

Akapepeta kidogo. "Na wewe ulivyolililia lile shamba, basi angalau umepata ukuta."

Kumbe alijua.

Dada wa ofisini akacheka. Na mimi nikacheka, nikaingia ndani nikajifanya namfunga mtoto vizuri.

Sasa sielewi. Mama kanisamehe, kanitania, au kanipa ukuta kweli?

Kesho ofisini siendi. Saa sita ipite, jina libaki. Ila kabla ya Jumamosi nitakaa na mama jikoni nimwombe radhi kwa mdomo wangu, maana siwezi kusimama chini ya jina lile na kinyongo.

Kinyongo chenyewe kimeisha? Bado najiuliza.