Namba Tano, Baada ya Gundi

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumanne, tarehe 14 Machi.

Mpendwa binamu, kinyozi mstaafu, mharibifu wa vichwa vya watu,

Kwanza salamu. Hujambo? Goti limeacha kulia kama bawaba? Na lile jino moja lililobaki, bado linashika zamu peke yake? Sisi ni wazima. Mke wangu anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata robo.

Najua umeishika barua hii ukidhani imetoka kwa marehemu. Miaka miwili kimya, barua zako nne sijajibu, na katika ile ya mwisho ukaniuliza kama nimekuchoka. Tena kwa mwandiko mzuri ajabu, wewe ambaye herufi zako zilikuwa kama kuku waliokoswa na jiwe. Sababu ya kimya nitakueleza. Nipe nafasi, maana tangu Ijumaa nimepigwa na butwaa na mdomo haujafunga.

Unamkumbuka mjukuu wangu, yule tuliyemwita Bi Swali kwa kuuliza mpaka wageni wakaaga mapema? Sasa ni mhandisi. Anabuni vitu vya majumbani: vifuniko, mishikio, vyombo. Mimi nilidhani vitu hivyo huota tu dukani. Kumbe kuna mtu anaamka, anaoga, anakwenda kazini kuwaza kifuniko!

Ijumaa akanichukua nikaione ofisi yake. Nikavaa koti la harusi. Nilitarajia marumaru, ndugu yangu, nikakuta chumba kama stoo ya muuza vyuma chakavu. Sanduku zima la vitu vilivyovunjika: kitasa, mpini wa sufuria, miwani ya mguu mmoja. Nikauliza takataka huzolewa siku gani. Akasema hizo si takataka, ni walimu wake, kwani kitu kilichovunjika hukuonyesha kilipochokea. Mimi niliyetengeneza saa za watu miaka arobaini nikanywea. Ni kweli, na sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Pembeni kulikuwa na mashine inayotema uzi wa plastiki, tabaka juu ya tabaka, taratibu kama mtu anayekamua dawa ya meno iliyobaki mkiani. Inajenga kitu kutoka hewani! Niliitazama mpaka shingo ikakakamaa.

Lakini hilo lilikuwa cha mtoto. Ukutani palibandikwa karatasi. Wahandisi wapya walimwomba awaandikie vifaa anavyovipenda na mambo yanayompa mawazo. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti, na darasa langu la nne unalijua. Ya kwanza kalipa, kile chuma cha kupimia unene. Nikavimba kichwa, maana aliipata kwangu. Ya pili udongo wa kufinyanga. Halafu sanduku la vilivyovunjika. Halafu gundi. Ya tano: Babu.

"Namba tano!" nikapaza sauti. "Nyuma ya gundi?"

"Gundi haibishi, Babu," akanijibu, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Changu kikakatika njiani. Chini ya karatasi kulikuwa na michoro, na mikono ile ilikuwa yangu. Hapa nafungua chupa kwa meno. Hapa nashika kikombe kwa mikono miwili kama naomba. Hapa navaa shati kupitia kichwani, vifungo vikiwa vimefungwa tayari.

Binamu, sasa ujue. Mikono yangu inatetemeka. Miaka miwili. Nilifunga kibanda changu cha saa nikasingizia macho. Kalamu ikanishinda, na kumtuma mtu aniandikie nikaona ni aibu, tena kwako, mcheka wenzake. Nilidhani nimeificha siri hiyo hata kwa mke wangu.

"Umenianika!" nikamwambia mtoto yule.

"Sikuandika jina, Babu."

"Na hilo pua hapo pembeni ni la nani?"

Akaliangalia. "Nitalipunguza."

Kisha akafungua droo akanipa kitu cheusi kama kiazi kilichoungua, chenye tundu katikati. Nikakishika, na vidole vikaingia kila kimoja shimoni mwake, kama vimerudi kwao. Ndipo nikakumbuka. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na donge la udongo, akaniuliza mbona sikujibu barua zako. Nikapandwa na hasira, nikalikamata donge nimrushie. "Usirushe!" akapiga ukelele. "Lishike hivyohivyo!" Akaninyang'anya akakimbia nalo. Nikasema basi, masomo yamemzidi. Kumbe amebeba hasira zangu akazipime kwa kalipa, na ile mashine ikazitema upya kwa plastiki.

Kalamu hupita kwenye lile tundu. Mbele za watu sikukijaribu kile kitu, nikakitia mfukoni kama mwizi. Nyumbani nikajifungia. Neno la kwanza kuandika lilikuwa "Binamu", na lilisomeka. Mke wangu alinikuta nalia, nikamwambia ni kikohozi chake kimeniambukiza.

Barua hii nimeiandika siku tatu, mkono wangu mwenyewe. Sijakuchoka, mjinga wewe. Nitakuchoka vipi kabla hujanilipa lile sikio ulilonikata mwaka ule ukininyoa?

Wasalimie wote hapo nyumbani: shemeji, wajukuu, na jirani yako mshona viatu. Msalimie hasa mkamwana wako, umwambie mwandiko wake ni mzuri sana. Nimeshika kalamu upya juzi tu, lakini upofu sijaanza.

Ndani ya kifurushi hiki kuna donge la udongo, usile. Likamate kwa nguvu, kwa mkono unaotetemeka, kisha ulirudishe kwa Bi Swali. Ukikosa hasira, nifikirie mimi.

Mungu akulinde, akutulizie mikono, na akuongezee jino.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata usipostahili,
Fundi Saa